Vipele vya LMDF usoni: doksisaiklini, dapsoni, isotretinoini, prednisoloni au kusubiri?

Kuna ugonjwa wa ngozi unaoshika uso, hauwashi, hauumi, hauambukizi, na baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi kidogo huondoka wenyewe. Ukisikia hivyo utasema ni wa kupuuzwa. Shida ni kwamba ukiondoka huacha vishimo, na vishimo hivyo havijifuti. Jina lake la kitaalamu ni lupasi miliarisi disseminata fasiei, na madaktari huufupisha LMDF. Hauhusiani na lupasi ile inayoshambulia viungo na figo, kwa hiyo aliyeandikiwa jina hili kwenye cheti asianze kuhofia figo zake.

Ni ugonjwa adimu. Maelezo mengi juu yake yametoka Japani na nchi nyingine za Asia, na wanaoupata mara nyingi ni vijana na watu wazima wa kati ya miaka 20 na 40, wanaume kwa wanawake. Kwa kuwa ni adimu, hakuna utafiti mkubwa uliowahi kupambanisha dawa moja na nyingine. Tunachojua kinatokana na taarifa za mgonjwa mmoja mmoja na vikundi vidogo vya wagonjwa. Ndiyo maana watu wawili wenye uso unaofanana wanaweza kutoka kliniki mbili na dawa mbili tofauti kabisa, na kila mmoja akabaki anajiuliza kama mwenzake ndiye aliyepewa dawa sahihi.

Kwanza, ni huo kweli?

Vipele vya LMDF ni vidogo, milimita 1 hadi 3, vigumu kidogo, vya mviringo. Vitabu vya Ulaya na Asia huvieleza kuwa vyekundu au njano iliyoelekea kahawia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hufichika: utaona kahawia, au rangi ileile ya ngozi yako, na mara nyingine kidole hukigundua kipele kabla ya jicho. Hukaa katikati ya uso, pande zote mbili: mashavu, pua, kidevu, juu ya mdomo, paji la uso. Alama inayonishawishi kuliko zote ni kope za chini. Mtu mzima mwenye vipele vigumu, visivyowasha, vilivyojipanga kwenye kope zote mbili za chini anastahili kuonwa na mtaalamu wa ngozi, hata kama ameambiwa mara nne kwamba ni chunusi.

Chunusi za kawaida zina vichwa vyeusi na vyeupe, zina mafuta, na hazina desturi ya kupanda kwenye kope. LMDF haina vichwa vyeusi. Rosasia, ugonjwa mwingine wa ngozi ya uso, nayo huja na uso kuwaka moto kwa jua, pilipili au chai ya moto, na vimishipa vyekundu hujitokeza. Mwenye LMDF hana hayo. Vipele vinavyoletwa na krimu za steroidi, zile zenye klobetasoli au betamethasoni ambazo watu hupaka wang'ae, huzunguka mdomo na pua na kuacha ukanda mwembamba safi kando ya midomo. Hapa swali moja hufanya kazi kubwa: umekuwa ukipaka nini, na kwa muda gani? Ukiacha krimu hiyo, uso hulipuka kwa wiki kadhaa kisha hutulia. LMDF haijali umeacha nini.

Yapo mengine ambayo hayafai kukosewa. Ukoma huja na ganzi, nyusi zinazonyonyoka na ndewe za masikio zinazonenepa, na dawa zake hutolewa bure. Sakoidosisi, ugonjwa ambao seli za ulinzi hujikusanya kwenye viungo mbalimbali, huweza kufanana sana na LMDF, huwapata watu weusi kwa ukali zaidi, na huingia kwenye mapafu na macho, ndiyo sababu daktari anayeshuku ugonjwa wa aina hii huagiza eksirei ya kifua na uchunguzi wa macho. Kisha kuna vipele vyenye kitovu katikati kwa mtu ambaye hajui hali yake ya VVU. Vinaweza kuwa moluskamu, vipele vya virusi ambavyo haviui, au kriptokokasi, fangasi anayeingia kwenye utando wa ubongo na kuua. Kipimo cha VVU, na cha kriptokokasi kwenye damu pale inapobidi, hutangulia mjadala wowote wa urembo.

TB ya ngozi au LMDF?

Hapa ndipo nchi zetu zinapokosea zaidi, na kosa lenyewe linaeleweka.

Ukikata kipele cha LMDF na kukitazama kwa hadubini, utaona kundi la seli za ulinzi lililojikusanya, na katikati yake nyama iliyokufa. Picha hiyohiyo ndiyo inayofundishwa kuwa alama ya kifua kikuu. Mtaalamu wa patholojia anaandika "inaelekea kuwa TB", daktari wa wilaya anasoma, na mgonjwa anaanzishiwa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Hata madaktari wa karne ya 19 na wengi wa karne ya 20 waliamini LMDF ni mtoto wa TB. Leo imani hiyo imepungua mno, kwa sababu vimelea havionekani kwenye vipele, havioti maabara, na vipimo vinavyotafuta vinasaba vyake havivipati.

Viweke viwili hivi kando kwa kando. TB ya ngozi ya usoni, ile iitwayo lupasi vulgarisi, mara nyingi huanza upande mmoja, ni bamba moja linalotanuka polepole kwa miaka, na huweza kula pua au sikio. Ndiyo iliyompa Niels Finsen wa Denmark tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kuitibu kwa mwanga, wakati ambapo hakukuwa na dawa. LMDF ni vipele vingi vidogo, pande zote mbili, ambavyo kila kimoja hubaki kidogo na hakili nyama ya jirani. Kipimo cha TB cha sindano ya tuberkulini mkononi hakiamui ugomvi huu Afrika Mashariki: wengi tumechanjwa BCG utotoni na wengi tumeshakutana na kimelea bila kuugua. Kinachosaidia ni eksirei ya kifua, makohozi kwa mwenye kikohozi, na kipande cha ngozi kupimwa kwa rangi za kutafuta vimelea na kwa mashine ya kutafuta vinasaba vya TB.

Kimelea kikipatikana, au kifua kikionyesha ugonjwa, anza dawa za TB bila kubishana. Visipopatikana, na uso una sura niliyoeleza, miezi sita ya dawa za TB ni mzigo kwa ini bila sababu ya kutosha. Tena ina mtego: vipele vingekauka vyenyewe hata hivyo, kwa hiyo mwisho wa dozi kila mtu ataamini dawa za TB ndizo zilizoponya. Wakati huo vishimo vimeshakaa.

Kukata kinyama au kutibu kwa macho

Wengi hukataa kukatwa kinyama usoni, na siwalaumu. Ila pima. Kipande kinachochukuliwa ni cha milimita 3 au 4, kwa ganzi, na hushonwa kwa uzi mmoja au miwili. Huacha kovu dogo. Upande wa pili ni kutibiwa kwa kubahatisha kwa miezi, huku vipele kumi na tano vinakomaa kila kimoja na kishimo chake. Mimi naona kinyama kina faida kubwa, kwa sharti mbili: kikatwe kwenye kipele kilichokomaa, maana kichanga sana huwa hakijaonyesha sura yake na kizee huonyesha kovu tu, na karatasi ya maabara iandikwe wazi kwamba daktari anashuku LMDF na anaomba vimelea vya TB, vya ukoma na fangasi vitafutwe. Karatasi iliyoandikwa "vipele usoni" huzaa jibu la "inaelekea kuwa TB".

Asiye na daktari bingwa wa ngozi karibu asikate tamaa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu miaka ya 1990, na wengi wao wanafanya kazi mikoani. Tabibu wa namna hiyo anajua kukata kinyama na anajua wa kumpigia simu.

Dawa: nani afuate ipi

Kwa kuwa ugonjwa huu huisha wenyewe, kila dawa iliyotumika mwishoni imesifiwa. Kwa hiyo usiulize "ipi ina nguvu?" Uliza mambo mawili: vipele vipya vinatoka kwa kasi gani, na mwili wangu unaweza kubeba dawa ipi kwa usalama. Lengo ni kufupisha muda wa uvimbe kabla kila kipele hakijachimba.

Kusubiri bila dawa ni chaguo halali kwa wachache: mwenye vipele vichache vinavyofifia na asiyetoa vipya kwa miezi kadhaa, na mjamzito, kwani karibu dawa zote za hapa zina shida naye. Mwenye vipele vipya kila wiki akisubiri, anangoja makovu.

Doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, ndiyo mlango wa kuingilia kwa wengi, na nakubaliana na hilo. Ni rahisi, ipo karibu kila duka la dawa, na dozi inayotumika sana ni miligramu 100 mara mbili kwa siku. Hapa haiui kimelea; inatuliza uvimbe. Ndiyo maana siku saba za vidonge hazina maana yoyote. Ipe miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuihukumu. Wapo wanaoitikia vizuri na wapo wasiotikisika hata kidogo. Imeze kwa maji mengi ukiwa umekaa au umesimama, usilale kwa nusu saa, la sivyo itakuunguza koo. Usiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia. Huifanya ngozi iungue na jua haraka, jambo zito kwa dereva wa bodaboda, mvuvi au mama wa gengeni. Haifai kwa mjamzito wala mtoto chini ya miaka 8.

Dapsoni ni dawa ya zamani ya ukoma, ni nafuu kwa bei, na baadhi ya wagonjwa walioshindwa na doksisaiklini wamepata nafuu kwayo. Lakini kwa mtu wa Pwani, wa Visiwani au wa kandokando ya Ziwa, neno la kwanza kabla ya kidonge cha kwanza ni G6PD. Hiki ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake ni wa kurithi, na umeenea pale malaria ilipotawala kwa vizazi vingi, kwa sababu wenye upungufu huo walipata kinga fulani. Wanaume huathirika zaidi kwa kuwa vinasaba vyake vipo kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu. Mwenye upungufu akimeza dapsoni, chembe zake hupasuka: mkojo mweusi, macho ya manjano, kuishiwa pumzi. Asiye na upungufu naye hupungukiwa damu kidogo, hivyo kipimo cha damu hurudiwa mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Mwenye seli mundu asiiguse bila daktari wake kukubali. Na kwa yeyote: homa, upele mwilini na tezi kuvimba katika wiki za mwanzo ni sababu ya kuacha dawa siku hiyohiyo na kwenda hospitali. Pasipo na kipimo cha G6PD, ningeiruka dapsoni kabisa. Uso haustahili kununuliwa kwa damu.

Isotretinoini inajulikana kwa chunusi sugu. Kwa LMDF, baadhi wamepona nayo haraka na wengine haikuwasaidia. Ni ghali, haipatikani kila mahali, hukausha midomo na macho, na inadai vipimo vya ini na mafuta ya damu. Sharti lake kubwa ni mimba. Huharibu mtoto tumboni vibaya sana, hata kwa siku chache za kuitumia. Mwanamke anayeweza kushika mimba anahitaji kipimo cha mimba kabla, njia ya uzazi wa mpango ya kuaminika wakati wote wa dawa, na mwezi mzima baada ya kidonge cha mwisho. Mumewe alijue hilo pia. Dada asiyekuwa na uhuru wa kuamua lini atashika mimba asipewe dawa hii, hata awe na vipele vingi kiasi gani. Daktari aliyemjali ataliuliza hilo kwa faragha. Wala isichanganywe na doksisaiklini, kwa sababu zikiwa pamoja huweza kupandisha presha ndani ya fuvu na kuleta maumivu makali ya kichwa na kuona ukungu. Maliza moja kwanza.

Nikizilinganisha hizi mbili kwa mwanamume mwenye ini zima, anayeishi Tanga au Mombasa, ambaye doksisaiklini haikumfaa na hospitali yake haina kipimo cha G6PD, basi isotretinoini inashinda, bei yake ikivumilika. Kwa mwanamke anayepanga mtoto ndani ya mwaka, mizani inageuka: G6PD ikiwa nzima, dapsoni chini ya uangalizi ina nafasi, na azungumze na daktari mapema kuhusu tarehe ya kuiacha au kuendelea nayo.

Prednisoloni ya kumeza, ambayo ni steroidi, kwa dozi ndogo na muda mfupi, hupewa mtu ambaye ugonjwa umelipuka na vipele ni vichanga. Baadhi ya madaktari huiona kuwa kinga nzuri ya makovu ikitolewa mapema, kabla nyama ya katikati haijafa. Hasara yake ni kwamba vipele hurudi dozi inaposhushwa, na dawa yenyewe hupandisha sukari na presha, huamsha TB iliyolala, na huweza kumwachia huru mnyoo wa strongiloidesi, ambaye ni wa kawaida katika nchi za joto na huua mtu aliye kwenye steroidi. Kabla ya kuimeza, TB iwe imetafutwa, sukari imepimwa, na daktari ameamua kama utibiwe mnyoo huyo kwanza kwa ivamektini. Tarehe ya mwisho iandikwe siku ya kwanza. Tafadhali usichanganye jambo hili na krimu ya steroidi ya dukani. Krimu haifiki panapotakiwa, na inakuletea ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Klofazimini, nyingine ya ukoma, imejaribiwa pia. Hugeuza ngozi kuwa kahawia iliyoiva kwa miezi, na mtu aliyekuja kliniki kwa sababu ya uso wake kwa kawaida hataipenda.

Chochote utakachochagua, piga picha uso kila wiki mbili, mahali pamoja, kwa mwanga wa dirishani, na uhesabu vipele vipya. Kioo cha kila siku hudanganya. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi havitibu LMDF, lakini hupunguza madoa meusi yanayobaki, na kwa anayetumia doksisaiklini ni lazima.

Baada ya ugonjwa kulala: madoa au vishimo?

Tenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita yote makovu. Doa jeusi tambarare ni rangi tu. Litafifia kwa miezi, haraka zaidi ukijikinga na jua. Usilifukuze kwa mikorogo. Yenye zebaki hudhuru figo, na yenye haidrokwinoni ikitumika kiholela kwa muda mrefu huacha weusi wa bluu usiotoka. Kishimo ni kovu halisi, na krimu yoyote ya kupaka haitakijaza.

Subiri angalau miezi sita bila kipele kipya kabla ya kulipia kazi yoyote ya vishimo. Kufanya mapema ni kujenga juu ya ugonjwa ulio hai.

Kwa ngozi nyeusi, mashine ya sindano nyingi ndogo zinazotoboa ngozi ili ijijenge upya ndiyo ningeanza nayo. Haihitaji joto, hivyo hatari ya kuacha weusi ni ndogo, ingawa hudai vikao kadhaa na matokeo yake ni vishimo kupungua tu, wala uso haurudi ulivyokuwa. Leza ya kaboni dioksidi huchimba zaidi na huweza kutoa matokeo makubwa kwa vikao vichache, lakini kwenye ngozi yetu weusi baada ya leza ni jambo la kawaida, na mwendeshaji asiye mzoefu huunguza. Kishimo chembamba na chenye kina huitikia tone la asidi ya TCA linalowekwa ndani yake kwa ncha ya kijiti, kazi ya mkono uliotulia. Kishimo kilichovutwa chini na nyuzi za kovu hukatiwa nyuzi hizo kwa sindano. Mara nyingi mtaalamu mzuri huchanganya njia mbili kwenye uso mmoja.

Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba kupita kiasi, aseme mapema, hata kama ni ile ya sikio alipotogwa. Na kabla ya kutoa pesa, mwombe mtaalamu akuonyeshe picha za wagonjwa wake mwenyewe wenye rangi kama yako, za kabla na za miezi sita baadaye. Akikuonyesha picha za tangazo za watu weupe, au za wiki moja baada ya kikao wakati uso bado umevimba na vishimo vimejificha, tafuta mwingine.